Nyumba na Mpangaji: Umeharibu kwa Bahati Mbaya, Unalipa Kiasi Gani?

Kila baridi ya Juni na Julai inapoingia Nyanda za Juu Kusini, meza hii hupokea barua za aina moja: jiko la mkaa limepasua sakafu, hita imeunguza soketi, mwenye nyumba na mpangaji hawaongei. Safari hii tumejibu nane. Majina tumeyaacha, mitaa tumeibakiza. Bei tulizotumia kwenye hesabu ni za mfano tu; ukitaka kuzitumia nyumbani kwako, weka za duka la mtaani kwenu.

Jiko la mkaa limepasua tailizi, mwenye nyumba anataka chumba kizima

*Habari za kazi. Nimepanga chumba Kihesa, Iringa. Usiku wa mwezi wa saba niliingiza jiko la mkaa ndani nipate joto, nikaliweka moja kwa moja sakafuni. Asubuhi tailizi tatu zilikuwa zimepasuka, na ya nne ina weusi usiotoka hata kwa sabuni ya unga. Nilimwambia mama mwenye nyumba siku ileile. Sasa anasema tailizi za aina ile haziuzwi tena, kwa hiyo nilipie chumba chote, mita 3 kwa 3.5. Je, ni haki yake?*

Tailizi nne ni zako. Chumba kizima si chako.

Msingi wake upo kwenye Sheria ya Mikataba, Sura 345, kifungu cha 73. Aliyevunja mkataba anafidia hasara iliyotokana na jambo hilo lenyewe, si hasara ya mbali, na katika kukadiria fidia inaangaliwa pia njia iliyokuwepo ya kurekebisha tatizo. Kama sakafu inaweza kurudi katika hali nzuri kwa kubadilisha tailizi nne, hiyo ndiyo hasara.

Sasa tuje kwenye sakafu yenyewe. Tailizi ikiwekewa jiko juu, uso wake unapata moto na kutanuka huku upande wa chini ukiwa bado baridi kwa sababu ya zege. Ikivutwa pande mbili hivyo, inapasuka. Inapasuka upesi zaidi kama chini yake kuna uwazi. Mafundi wengi, ili kuokoa saruji, huweka madonge matano ya udongo wa saruji, moja katikati na manne pembeni, kisha wanakandamiza. Katikati ya madonge hakuna kitu. Chukua kitako cha bisibisi ugonge sakafu polepole: iliyoshika vizuri inatoa sauti nzito na fupi, iliyo tupu inalia kama debe. Fanya hivyo chumba kizima mama akiwepo. Ukikuta nyufa pia kwenye tailizi zilizo mbali na jiko, na zinalia tupu, hizo ni za fundi aliyejenga, usikubali ziingizwe kwenye hesabu yako. Zile tatu zilizokuwa chini ya jiko zilipe hata kama zinalia tupu. Bila jiko zisingepasuka usiku ule.

Kuhusu kutopatikana kwa aina ile, kabla ya kukubali fanyeni mambo mawili. La kwanza, mama atafute kiporo. Waliojenga kwa akili huacha vipande sita saba stoo au juu ya dari. La pili, ng'oeni kipande kimoja kilichopasuka mkaende nacho madukani, msiende na picha ya simu. Nyuma ya tailizi mara nyingi kuna jina la kiwanda, na kwenye katoni kuna namba ya rangi na ya kipimo. Tailizi mbili za jina moja zenye namba tofauti zinaweza kupishana rangi kidogo na hata milimita moja ya ukubwa, na milimita hiyo itaonekana kwenye mstari wa grauti.

Mkikosa kabisa, mafundi wazoefu wana njia yao: hutoa tailizi nzima kutoka mahali pasipoonekana, chini ya kitanda au nyuma ya kabati la ukutani, wakaileta katikati ya chumba, na zile zisizofanana wakaziweka kule mafichoni. Inawezekana tu kwa tailizi zilizolala tupu. Iliyoshika vizuri haitoki nzima, utaharibu nne nyingine ukijaribu.

Kazi inavyofanyika: grauti inachimbwa kwanza kuzunguka tailizi mbovu, kwa grinda yenye diski nyembamba ya almasi au kwa kikwaruzo cha mkono. Fundi akiruka hatua hii, kila pigo la nyundo linahamia kwa jirani na mwisho unalipia sita badala ya nne. Kisha anapasua kuanzia katikati kwenda pembeni kwa tindo, haingizi tindo ukingoni na kukwanyua. Saruji ya zamani inachongwa hadi kina kitoshe unene wa tailizi, kama milimita 8, pamoja na gundi ya milimita 3 hadi 5. Asipochonga vya kutosha, tailizi mpya itakaa juu kuliko wenzake na kila mtu atajikwaa. Gundi inapakwa kwa mwiko wa meno, sakafu yote, si madonge. Baada ya hapo msikanyage kwa saa 24. Kwa baridi ya Iringa ya Julai subirini siku mbili ndipo grauti iwekwe.

Hesabu sasa. Tailizi ya sentimita 40 kwa 40 ina mita za mraba 0.16, nne ni 0.64. Katoni yenye vipande 12 inafunika 1.92, kwa hiyo katoni moja inatosha na kubakiza vipande vinane. Gundi ya unga inakula kilo 4 hadi 5 kwa mita ya mraba, yaani kilo 3 tu, lakini dukani utauziwa mfuko. Tuseme katoni ni 25,000, gundi 15,000, grauti 4,000 na fundi 30,000: jumla 74,000. Chumba kizima cha mita 10.5, ukiongeza asilimia 10 ya kukatakata, kinataka katoni 7 (175,000), mifuko mitatu ya gundi ya kilo 20 (45,000), grauti 12,000, fundi kwa bei ya 8,000 kila mita 84,000, na kubomoa 40,000. Hiyo ni 356,000. Ona pengo lilivyo.

Jambo ambalo wapangaji hulalamikia bila sababu ni bei ya fundi. Kazi kubwa hulipwa kwa mita, lakini hakuna fundi atakayetoka Mlandege hadi Kihesa na grinda yake kwa theluthi mbili ya mita. Atataka ujira wa kutwa, na ni halali yake. Vipande vinane vilivyobaki na gundi iliyobaki mwachie mama, avihifadhi.

Na kama tailizi zimebadilishwa kwa rangi isiyolingana kabisa, katikati ya chumba, mama anayo hoja ya kudai kitu kidogo kwa kupungua uzuri. Hilo ni la kukubaliana. Ila "kitu kidogo" hakiwezi kuwa 282,000.

Ya mwisho ni ya usalama: mkaa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa gesi ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na inaua mtu akiwa usingizini. Kuweka bati chini ya jiko kunaokoa tailizi. Wewe hakukuokoi.

Ukuta umejaa masizi, nishike amana yote?

*Mimi ni mwenye nyumba Ilomba, Mbeya. Mpangaji wangu amehama baada ya miaka minne. Chumba nilikipaka rangi kabla hajaingia. Sasa ukuta una masizi upande aliokuwa anapikia, misumari kila mahali, na matundu mawili makubwa ya skrubu za televisheni. Nina amana yake ya 80,000. Fundi ameniambia rangi ndoo ya lita 20 pamoja na kazi ni zaidi ya hapo. Nimemwambia simrudishii kitu.*

Ndugu, hapo umechanganya vitu vitatu: uchakavu, matumizi, na uharibifu. Sheria ya Ardhi, Sura 113, inamtaka mpangaji arudishe nyumba katika hali aliyoikuta, lakini inamwondolea uchakavu wa kawaida. Rangi iliyofifia kwa miaka minne ni uchakavu. Matundu ya misumari midogo ya kutundikia picha na kalenda, kwa maoni yetu, ni uchakavu pia. Hakuna mtu anayeishi miaka minne bila kupigilia msumari.

Kabla ya fedha, angalia kipimo. Ndoo ya lita 20 kwa chumba kimoja ni kupakia nyumba ya pili. Chumba cha mita 3 kwa 3.5 chenye ukuta wa mita 2.7 kwenda juu kina mzunguko wa mita 13, hivyo ukuta ni mita za mraba 35. Toa mlango na dirisha, inabaki kama 31. Lita moja ya rangi ya maji kwenye ukuta laini hufunika mita 10 hadi 12 kwa mkono mmoja. Mikono miwili ni mita 62, ambazo ni lita 6 hivi. Galoni mbili za lita 4 zinatosha na kubaki. Ukuta wa plasta isiyopigwa skimu unakula zaidi, lakini haufiki 20.

Umri wa rangi nao unahesabiwa. Tukikubaliana kwamba rangi ya ndani ya chumba cha kupangisha hukaa miaka 5, yaani miezi 60, mpangaji wako ametumia miezi 48. Rangi uliyompa ilibakiza miezi 12 ya maisha, moja ya tano. Kama kupaka upya ni 90,000, sehemu inayoweza kumhusu ni 18,000. Hizo nne za tano zilizobaki ungezitumia hata kama angekuwa malaika.

Masizi yana hesabu yake. Hayafunikwi kwa rangi ya maji. Ukipaka juu yake, baada ya wiki chache umanjano unachomoza tena na utadhani rangi ni feki. Ukuta unaoshwa kwanza kwa maji ya sabuni ya unga kuanzia chini kwenda juu (ukianza juu, michirizi inayoshuka kwenye ukuta mkavu inaacha alama ngumu kutoa), unaachwa ukauke, kisha eneo lile tu linapakwa andakoti ya mafuta ndipo rangi ifuate. Gharama hiyo ya ziada, tuseme 25,000, ni ya mpangaji. Lakini jiulize swali moja la kweli: chumba hicho kilikuwa na jiko? Kama ulimpangisha chumba kimoja kisicho na mahali pa kupikia, na ukajua atapikia humohumo kama wote wanavyofanya, masizi ni matumizi uliyoyakubali. Mngegawana nusu, tungesema umetenda haki.

Matundu mawili makubwa ya skrubu ni yake. Kuziba na kulainisha, weka 5,000. Kwa hiyo, kama masizi ni yake yote, makato ya haki ni 18,000 na 25,000 na 5,000: 48,000. Mrudishie 32,000 pamoja na karatasi yenye mchanganuo huo na risiti za duka.

Soketi na breka vimeungua: ni mwanafunzi au ni waya?

*Tunasoma chuo, tumepanga vyumba vitano nyumba moja huku Iyunga, mita ya umeme ya LUKU ni moja. Chumbani kwangu nilichomeka ekstensheni, nikawasha hita na birika la umeme pamoja. Baada ya dakika chache moshi ukatoka, soketi ikayeyuka na breka kwenye boksi ikaungua. Baba mwenye nyumba anataka nilipie kufunga waya upya nyumba nzima.*

Hili ndilo swali lenye ubishi kuliko yote, kwa sababu pande zote mbili huwa zina makosa na ushahidi umo ndani ya ukuta.

Anza na upande wako. Hita ya wati 2000 kwa umeme wa volti 230 inavuta ampea 8.7. Birika la wati 2000 linavuta nyingine 8.7. Jumla ni 17.4, zote zikipita kwenye plagi moja ya ekstensheni ambayo fyuzi yake ni ya ampea 13. Mzigo huo unazidi kiwango cha fyuzi, ingawa hata fyuzi nzima inaweza kuubeba kwa muda bila kukatika. Haikukatika? Ifungue uangalie. Wakati mwingine utakuta fyuzi ya awali iliungua zamani na mtu akazungushia waya au karatasi ya sigara. Ukiikuta hivyo, soketi ni yako, hakuna mjadala. Angalia pia maandishi ya ekstensheni: nyingi za bei rahisi zina waya mwembamba usiofaa hata hita moja.

Upande wa mwenye nyumba sasa. Soketi inatakiwa iende na waya wa milimita za mraba 2.5. Waya wa 1.5 ni wa taa. Breka inayolinda waya mmoja wa 2.5 unaokwenda soketi moja baada ya nyingine bila kurudi inapaswa kuwa ya ampea 20. Ikiwa imefungwa ya 32, waya utapata moto kwanza na breka haitajua. Ya 32 ni ya waya unaozunguka na kurudi kwenye boksi. Kosa jingine ni skrubu ya soketi isiyokazwa: mguso legevu unatoa cheche na joto hata kwa mzigo wa kawaida.

Kinachoonyesha chanzo ni mahali palipoyeyuka. Tundu za mbele zikiwa zimeyeyuka na nyuma pazima, joto lilitoka kwenye plagi, yaani mzigo wako. Nyuma kwenye skrubu pakiwa peusi na mbele pazima, ulegevu wa fundi wa mwanzo. Waya wenyewe ukiwa umekauka ganda mita nzima ndani ya bomba, waya ni mdogo au breka ni kubwa. Ndiyo maana tunasisitiza: msitupe soketi iliyoungua. Itieni kwenye mfuko wa nailoni, pigeni picha, andikeni tarehe.

Mwiteni fundi umeme mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji), na mwombeni aandike mistari mitatu: alikuta nini, chanzo ni nini, amebadilisha nini. Fundi wa mtaani asiye na leseni anaweza kukaza skrubu vizuri tu, lakini maandishi yake yatakuwa na uzito mdogo mbele ya baraza la ardhi na nyumba.

Kugawa: mzigo wako peke yake ukiwa ndio chanzo, unalipa soketi, breka moja, kipande cha waya kilichoungua na ujira. Waya mdogo au breka kubwa vikiwa ndio chanzo, analipa yeye. Vyote viwili vikikutwa, na mara nyingi vinakutwa, nusu kwa nusu kwa saketi ile iliyoungua. Kufunga waya upya nyumba nzima hakukuhusu kwa namna yoyote. Kama waya wa vyumba vingine vinne umechoka, ulichoka kabla hujafika.

Mkiona mita ya LUKU yenyewe imeguswa na moto, msiifungue wala kukata lakiri. Ni mali ya TANESCO, toeni taarifa kwao. Na breka iliyoanguka isirudishwe juu kwa majaribio kabla fundi hajafika.

Mpira wa mtoto na kioo cha dirisha

*Mwanangu amevunja kioo hapa Mwangata, Iringa. Kioo ni kimoja, dirisha la alumini. Nanunua mwenyewe au nimpe mwenye nyumba hela?*

Mama, nunua mwenyewe, lakini mjulishe kwanza ili asije akadai aina haikuwa hiyo. Pima unene kwa rula kwenye kipande kilichovunjika. Usibadilishe cha milimita 5 kwa cha 4. Wauzaji wengi hukata kwa bei ya futi ya mraba: kioo cha sentimita 60 kwa 90 ni futi 5.8 hivi. Kwa dirisha la mbao kioo kikatwe pungufu milimita 3 kuliko nafasi, la sivyo mbao ikivimba masika kitapasuka chenyewe. Dirisha la alumini la kuteleza mwachie fundi alumini, maana fremu inafunguliwa na mpira wa pembeni unabadilishwa. Mpira wa dirisha uliozeeka si deni lako, ila ni shilingi chache, lipa tu yaishe.

Fangasi ukutani, analaumiwa mpangaji

*Niko Tukuyu. Masika yote kuta zimeota weusi na dari ina madoa. Mwenye nyumba anasema ni kwa sababu naanika nguo ndani na sifungui madirisha. Anataka nipake rangi.*

Wilaya yenu ya Rungwe ni moja ya zile zenye mvua nyingi zaidi nchini, na huko nguo zisipoanikwa ndani zitaoza kwenye kamba. Hata hivyo mwenye nyumba hajakosea moja kwa moja. Weusi una sura tatu, na kila sura ina mlipaji wake.

Doa la kahawia lenye duara darini linatoka juu: msumari wa bati umelegea au mpira wake umekauka, au bati limepishana kidogo mno. Ni la mwenye nyumba. Unyevu unaoanzia sakafuni na kupanda kama mstari wa maji hadi usawa wa magoti au kiuno, plasta ikimenyeka na kutoa unga mweupe, unatoka ardhini kwa sababu msingi haukuwekewa nailoni ya kuzuia maji au maji ya paa yanadondokea ukutani. Nalo ni lake. Madoadoa meusi kwenye kona za juu na nyuma ya kabati lililosukumwa ukutani kabisa ni mvuke wa ndani: pumzi, mapishi, nguo mbichi, vikigusa ukuta wa baridi. Hayo ni yako, na dawa yake si rangi. Sogeza kabati sentimita 10 kutoka ukutani, fungua dirisha pande mbili nusu saa asubuhi na jioni, futa madoa kwa jiki iliyozimuliwa (kipimo kimoja kwa maji vitatu, dirisha wazi, glavu mkononi, usichanganye na dawa nyingine ya choo), subiri pakauke.

Madirisha yakiwa yamejengwa yasiyofunguka, au nyumba haina matundu ya hewa juu ya dirisha, hata hayo ya tatu hayawezi kuwa yako peke yako.

Mwaliko wa kupaka rangi ukatae hadi chanzo kizibwe. Ukipaka juu ya unyevu, utapaka tena mwaka ujao.

Bomba liliachwa wazi, maji yakaingia kwa jirani

*Maji yalikatika Mji Mwema, Njombe. Niliacha bomba la sinki wazi nikaenda kazini. Yaliporudi yalifurika: mlango wa chumba changu umevimba chini na godoro la mpangaji wa chumba cha pili limelowa. Mwenye nyumba anataka nimlipe yeye vyote.*

Mlango mlipe yeye, godoro mlipe jirani. Godoro si mali ya mwenye nyumba, na akipokea hela yake jirani bado anaweza kukudai.

Mlango wa flashi (wa mbao nyembamba zilizogundishwa) uliovimba chini haupigwi randa ukarudi. Ubao wa ndani umeshaachana gundi. Unabadilishwa mlango tu. Fremu ya mbao ngumu, bawaba na kitasa vinabaki, visiingizwe kwenye hesabu. Ila kama ni mlango wa mbao nzima, subirini wiki mbili kabla ya kuamua, kwani ukikauka polepole mara nyingi hurudi. Godoro lithaminiwe kwa hali lililokuwa nayo, si bei ya jipya. Na angalia sinki: likiwa halina tundu la juu la kupunguza maji, au limezibwa, taja hilo mnapozungumza. Halikuondolei deni, lakini linalipunguza.

Ananitishia polisi na kufuli

*Mafinga. Niliangusha ndoo chooni, choo cha kukaa kikapasuka. Nimeomba nilipe kwa awamu mbili. Baba mwenye nyumba anasema atanipeleka polisi kwa kuharibu mali, na kabla ya hapo atabadilisha kufuli.*

Kosa la kuharibu mali katika Kanuni ya Adhabu, Sura 16, linahitaji kukusudia. Ndoo iliyoponyoka mkononi haina kusudio. Hilo ni deni la madai, si jinai. Kufuli nayo hana mamlaka nayo: umelipa pango, una haki ya kukaa kwa utulivu hadi muda wako uishe au chombo chenye mamlaka kiamue vinginevyo.

Njia iliyo wazi ni hii. Andika barua ya ukurasa mmoja: tarehe ya ajali, kilichoharibika, kwamba unakiri kulipa, bei ya choo cha aina ileile kutoka maduka mawili, ujira wa fundi bomba, na tarehe za awamu zako mbili. Nakala moja mpe mwenyekiti wa mtaa, agonge muhuri. Hapo mara nyingi jambo huishia. Lisipoisha, Baraza la Kata linasuluhisha. Tangu marekebisho ya sheria ya 2021 halitoi hukumu kwenye migogoro ya ardhi na nyumba, kazi yake ni kupatanisha. Likishindwa, mlango unaofuata ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kwa bei ya choo kimoja, nauli na siku za kazi mtakazopoteza huko zitazidi choo, na hilo mwambie kwa upole.

Katika hesabu usisahau vitu vidogo vinavyobadilishwa pamoja na choo: nta au mpira wa chini, boliti mbili, na hosi ya maji. Tanki la juu likiwa zima linabaki, ila hakikisha muundo wa bakuli jipya unalipokea. Mengine hayaingiliani, na fundi atakuambia ununue seti nzima. Akikuonyesha matundu hayakutani, mwamini.

Tuandike nini kwenye mkataba?

*Tuna nyumba ya vyumba sita Uyole, Mbeya. Tunaomba kipengele kimoja kinachomaliza ubishi huu.*

Hakimalizi, lakini kinaupunguza. Chukueni hiki mkibadilishe mnavyotaka:

"Mpangaji atatoa taarifa ya uharibifu wowote ndani ya saa 24. Uharibifu uliosababishwa na mpangaji, familia au wageni wake utarekebishwa kwa gharama yake, kwa kiasi cha kurudisha kitu katika hali kilichokuwa nayo, baada ya kuondoa uchakavu wa kawaida. Kila upande utaleta makadirio ya fundi mmoja. Wakitofautiana, yatachukuliwa ya chini, isipokuwa fundi huyo akikataa kufanya kazi kwa bei hiyo. Mwenye nyumba atatoa risiti."

Maneno kuhusu fundi kukataa msiyaache. Bila hayo, kila mpangaji ataleta bei ya binamu yake.

Ambatisheni karatasi ya makabidhiano: chumba kwa chumba, idadi ya soketi na taa zinazowaka, vioo, vitasa na funguo zake, tailizi zenye ufa tayari, madoa ya dari, usomaji wa mita ya maji, na tarehe rangi ilipopakwa mara ya mwisho. Picha zipigwe mlangoni kuelekea kila kona, kisha zitumwe kwenye simu ya upande wa pili siku hiyohiyo ili tarehe ijiandike yenyewe. Na mkataba ulipieni ushuru wa stempu mapema, kwani usiolipiwa haupokelewi kama ushahidi mpaka ulipiwe, pamoja na adhabu ya kuchelewa.